Kuanzishiwa Uchungu wa Uzazi: Wapi, Lini na kwa Nini

Tarehe ya kujifungua ikipita, mama mjamzito wa Kibera au Kawangware hupata washauri wengi. Jirani mmoja hutaja mafuta ya mbarika, mwingine vidonge vya duka la dawa. Mafuta humharisha mama. Vidonge vinaweza kumuua.

Dawa inayozungumziwa ni misoprostoli. Kidonge cha kawaida kina mikrogramu 200, ilhali kipimo cha kuanzisha uchungu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 25. Anayemeza kidonge kizima amemeza mara 8 ya kipimo hicho. Tumbo la uzazi hukaza bila kupumzika, mtoto hukosa hewa, na tumbo lenyewe linaweza kupasuka. Aliyewahi kujifungua kwa upasuaji yumo hatarini zaidi kwa sababu ya kovu, na hata hospitalini hapewi dawa hii kuanzishiwa uchungu.

Kuanzishiwa uchungu kwenyewe si jambo la kuogopwa. Daktari hukupendekeza mimba inapofikia wiki 41, presha inapopanda, au maji ya uzazi yanapotoka na uchungu usije. Mama hupewa dawa kwa kipimo kidogo, huwekewa mpira wenye puto kwenye mlango wa kizazi, au hutundikiwa dripu ya oksitosini, huku mapigo ya moyo wa mtoto yakifuatiliwa. Chumba cha upasuaji lazima kiwe karibu, maana baadhi ya kina mama huishia huko. Ndiyo sababu zahanati isiyo na chumba hicho humpa mama rufaa hadi hospitali kama Mbagathi, iliyo jirani na Kibera, au Pumwani. Anayetoka Kawangware asingoje usiku, matatu zikiwa zimeadimika.

Wiki hizo 41 huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hapo ndipo penye makosa mengi. Aliyeanza kliniki mimba ikiwa ya miezi 7 hukisia tu, na mtoto aliyedhaniwa amechelewa anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, akipumua kwa shida. Skani kabla ya wiki 24 humaliza ubishi mwingi.

Mama ana haki ya kuuliza sababu, njia itakayotumika, na kitakachofuata isipofaulu. Abebe nguo za siku mbili, kwani shughuli hii huweza kupita saa 24. Mtoto akipunguza kucheza tumboni, asisubiri tarehe yoyote. Aende hospitali siku hiyo hiyo.