Kabla ya Kupiga Stata: Dizeli Iliyolala Kwenye Trekta

Mvua za Bonde la Usangu zikikatika na mpunga ukishavunwa, matrekta mengi ya Chimala hukosa kazi nzito mpaka Novemba au Desemba, watu wanaporudi kulima majaruba. Yapo yanayobeba mizigo kiangazi chote, na hayo dizeli yake haipati muda wa kuzeeka. Makala haya ni ya mwenye trekta linalolala miezi chini ya mti likiwa na nusu tenki ya msimu uliopita, na ya kikundi chenye pawatila isiyokumbukwa mpaka mawingu yatande.

Siku ya kuliamsha, usipige stata kwanza. Dizeli mbaya iliyotulia ndani ya tenki bado haijaharibu injini. Madhara huanza pampu inapoivuta. Vyuma vya pampu na nozeli vimechongwa vikabanana kwa vipimo vya sehemu ya elfu ya milimita, na kwenye matrekta mengi ya zamani, yakiwemo Massey Ferguson yenye injini za Perkins, pampu hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakipita hapo, chuma husaga chuma. Bei ya kutengeneza pampu huwaumiza wakulima wadogo kuliko thamani ya mafuta waliyotaka kuyaokoa.

Dizeli safi, ikikaa mahali pasipo joto wala maji, hudumu kati ya miezi 6 na 12. Joto la bondeni hufupisha muda huo, kwa kuwa mafuta yakikutana na hewa hutengeneza gundi na chembe nyeusi zinazoziba filta. Hata hivyo, adui mkubwa ni maji. Tenki lisilojaa huingiza hewa kila linapopoa usiku. Unyevu wa hewa hiyo hugeuka matone kwenye kuta za ndani, yakateremka na kukaa chini, maana maji ni mazito kuliko dizeli. Pale maji na mafuta yanapokutana huota bakteria na kuvu. Huacha uchafu mweusi unaoteleza na kuvutika kama mlenda, pamoja na asidi inayokula chuma cha tenki.

Kwa hiyo anzia chini ya tenki. Legeza nati ya kutolea uchafu, kinga nusu lita kwenye chupa safi inayoonyesha, uiache itulie usiku kucha. Asubuhi itazame kwenye mwanga. Dizeli nzima huwa angavu. Ukiona mstari wa maji chini lakini mafuta ya juu ni safi, endelea kutoa mpaka itoke dizeli tupu, kisha badilisha filta. Ikiwa imekolea rangi tu, bila ukungu wala mashapo, ichuje na uichanganye kidogo kidogo na dizeli mpya: lita moja ya zamani kwa tano au zaidi za mpya. Ikiwa na mlenda mweusi au harufu ya uchachu, usiihurumie. Toa yote, osha tenki, badilisha filta zote.

Wapo wanaoshauri kuongeza petroli au mafuta ya taa ili dizeli ipate nguvu. Usikubali. Yote mawili hupunguza ulainishaji ambao pampu inautegemea, na petroli huweka ndani ya tenki mvuke unaolipuka kwa cheche.

Filta mpya ikishafungwa, toa hewa. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza, kisha fanya hivyo kwenye pampu ya dizeli. Injini ikikataa kuwaka, kazi ya nati za nozeli mwachie fundi: dizeli inayoruka pale kwa shinikizo hupenya ngozi. Mtu akichomwa nayo apelekwe hospitali saa ileile, hata kama kidonda ni kama tundu la sindano.

Dizeli iliyooza isimwagwe mferejini. Mifereji ya Usangu hurudisha maji kwenye mito inayolisha Ruaha Mkuu; huko kuna ardhioevu ya Ihefu, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na bwawa la Mtera, na kabla ya hapo kuna jirani anayenywesha ng'ombe. Itie kwenye dumu lenye kifuniko, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu.

Unapolilaza trekta baada ya mavuno, jaza tenki, ukiacha nafasi ndogo ya mafuta kutanuka. Hakikisha mpira wa kifuniko haujapasuka, na kila baada ya wiki chache liwashe ulivutishe kitu mpaka injini ipate moto sawasawa.

Mwenye akiba asitumie chombo cha shaba wala cha bati lenye zinki, kwa kuwa metali hizo huharakisha kuharibika kwa dizeli. Pipa la lita 200 lililosimama nje hukusanya mvua juu yake, na usiku likipoa huyanyonya maji hayo kupitia kizibo. Lilaze kwa ubavu kivulini likiwa limejaa, vizibo viwili vikae usawa mmoja, kushoto na kulia, ili vyote viwe chini ya mafuta. Kabla ya kuyatumia mafuta hayo, lisimamishe, subiri saa 24 mashapo yatulie, na mpira wa kuvutia usiguse kitako cha pipa.