Nyuki Mweusi Atoboaye Nguzo

Bwana mkulima, nawe mama mkulima, mlio na karakara kwenye waya hapo Makongeni, bila shaka mmemwona mdudu mkubwa mweusi akitoboa nguzo, tundu la mviringo lenye upana wa kidole, na unga wa mbao ukidondoka chini. Usiichukue bomba ya dawa bado. Kwanza umjue.

Wengi humwita nyigu, nao hukosea. Nyigu ana kiuno chembamba. Huyu ni nyuki mnene. Wengine, hasa waliosoma vitabu vya Ulaya, humdhania kuwa Bombus, yule nyuki wa manyoya wa nchi za baridi. Hilo nalo si kweli. Bombus wako aina zaidi ya 250 duniani, lakini kusini ya Sahara hakuna hata mmoja wa asili. Wapo Afrika ya Kaskazini, na visiwa vya Canary vina wao wa peke yao. Tazama tumbo la jike: Bombus ana manyoya tumbo zima, lakini wa kwetu tumbo lake ni laini, linang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi. Wataalamu humwita Xylocopa, yaani mkata mbao kwa Kiyunani.

Aina zake ni kadhaa nchini Kenya. Jike wa aina moja ana mikanda myeupe au ya manjano kati ya kifua na tumbo. Wa nyingine ana nywele za rangi ya kutu kifuani. Madume wa aina kadhaa ni wa manjano au kahawia mwili mzima, hata watu husema ni mdudu mwingine kabisa. Kwa hiyo usihesabu aina kwa rangi peke yake. Dume hana mwiba, ingawa hukuzunguka kichwani kwa kelele za kutisha!

Sasa faida yake. Chavua ya karakara ni nzito, tena hunata, upepo hauichukui. Nyuki wa asali ni mdogo: mara nyingi hunywa utamu wa ua akaenda zake bila kugusa panapotakiwa. Mtoboa mbao anapoingia, mgongo wake husugua chavua na kuipeleka ua la pili. Karakara ya zambarau huweza kujichavusha, lakini ile ya manjano hutaka chavua ya mti mwingine. Nyuki huyu akikosekana, itakubidi uchavushe kwa mkono, ua kwa ua. Hata nyanya na biringani hufaidika, kwa maana hutikisa maua yake kwa mtetemo wa misuli ya mabawa, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi.

Jike huzaa watoto wachache tu. Kila yai huliwekea donge la chavua na utamu wa maua, kisha hujenga ukuta wa unga wa mbao. Ukiziba matundu na kuchoma magogo yote, hutawarudisha upesi. Wala usitumaini wa kununua kutoka ng'ambo: Chile ilileta Bombus wa Ulaya katika miaka ya 1990, na tangu hapo Bombus mkubwa wa asili yake amepungua sana.

Nguzo unazozithamini zipake rangi, maana hapendi mbao iliyopakwa. Kandoni mwa shamba mwachie gogo kavu lisilo gumu, na panda mbaazi au marejea apate chakula. Dawa usinyunyize maua yakiwa wazi. Karakara ya zambarau hufunguka alfajiri, ya manjano tangu saa sita mchana. Basi, ikiwa ni lazima, ngoja giza liingie, wala usielekeze bomba kwenye matundu, kwa kuwa ndimo walalamo.

Ukiokota nyuki aliyekufa usiyemfahamu, mtie ndani ya kibiriti kikavu pamoja na karatasi yenye tarehe, mahali, na ua alilokuwa akilitembelea, kisha umpe Bwana Shamba. Makumbusho ya Taifa, Nairobi, huhifadhi wadudu wa namna hiyo.