Namba moja kwa Mpanda, Inyonga na Majimoto

SWALI: Nauza mchele kwa jumla Mpanda mjini, nina ghala Inyonga na jingine Majimoto. Nimeambiwa simu za intaneti zitanipa namba moja kwa sehemu zote. Nihamie huko?

JIBU: Hamia nusu. Simu moja ya intaneti huhitaji takriban kilobiti 100 kwa sekunde kila upande, kiasi kidogo tu. Kinachoiharibu ni ucheleweshaji: sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150, mtaanza kukatizana maneno. Kwa hiyo pima mtandao wa Majimoto jioni, watu wakiwa wengi hewani, siyo asubuhi muuzaji wa simu hizo akiwa amekaa nawe. Umeme ukikatika ruta huzima, basi iwekee betri. Namba ichukue kwa mtoa huduma mwenye leseni ya TCRA. Mkulima wa Mpimbwe mwenye kitochi ataipiga kama namba nyingine yoyote. Wafanyakazi wakitaka kuongea wao kwa wao, WhatsApp inatosha, usilipie mtambo wa simu za ndani. Ila laini yako ya zamani usiifunge: wateja wameizoea, na pesa za simu zinaingia humo.