Fuma Mstari Kwanza, Sweta Litakuja

Wengi wanaotaka kufuma ili kutuliza akili hujikwaa mwanzoni kabisa, kwa sababu wanachagua sweta. Mtu anaona picha kwenye simu, ananunua mabonge manane ya uzi, na wiki ya pili haijaisha kazi imeshageuka deni. Kila akiutupia macho mfuko wa nyuzi pale kwenye kochi, moyo unazidi kuwa mzito. Kama unatafuta utulivu, liache sweta kwanza. Unachokihitaji kimo ndani ya mstari mmoja wa vitanzi, na mstari mmoja mkono uliozoea unaumaliza kwa dakika moja au mbili.

Vifaa havina gharama kubwa. Kwenye nyanda za juu za Tanzania kama Makete na Njombe, ambako Juni na Julai baridi inauma hasa, wapo waliojifunza utotoni kwa spoku za baiskeli zilizosuguliwa ncha. Spoku zinafuma vizuri, ila ni nyembamba na vitanzi vyake ni vidogo mno kwa mtu aliyetoka kazini amechoka. Tafuta sindano mbili za kufumia za milimita 5, na ukipata za mianzi chukua hizo, maana za chuma zinateleza na vitanzi vinaponyoka kabla mkono haujakomaa. Uzi uwe wa unene wa kati, wa rangi moja iliyo nyepesi. Uzi mweusi chini ya taa ya sola ni adhabu. Akriliki ya sokoni inatosha kabisa, unaifua bila hofu ya kunywea. Nunua bonge moja tu.

Anza na vitanzi 32. Kuvipandisha vile vya kwanza kwenye sindano ndiko kunakowakatisha tamaa wanafunzi wengi, basi mwombe anayejua akuanzishie: shangazi, jirani, au mama anayefuma masweta ya shule pale sokoni. Mwambie avipandishe kwa ulegevu. Baada ya hapo kazi ni mwendo mmoja unaorudiwa. Ncha ya sindano ya kulia inaingia kwenye kitanzi ikitokea chini, kushoto kwenda kulia. Uzi, ambao unakaa nyuma, unazungushwa kwenye ncha hiyo. Unauvuta utokeze mbele. Kitanzi cha zamani unakiachia kianguke kutoka sindano ya kushoto. Mstari ukiisha unageuza kazi, sindano zinabadilishana mikono, unaanza upya.

Hesabu vitanzi mwisho wa kila mistari michache. Ukikuta 34, usidhani una uchawi. Karibu kila mwanafunzi anaongeza vitanzi pembeni: mwanzo wa mstari uzi unapanda juu ya sindano badala ya kuning'inia, na kitanzi cha kwanza kinaonekana kama viwili. Ushushe uzi chini, mbele ya sindano, kisha upeleke nyuma, tatizo linakwisha.

Sasa tuje kwenye akili. Chagua muda ule ambao kwa kawaida unashika simu bila sababu, kwa mfano baada ya chakula cha jioni, na simu iweke chumba kingine. Redio isiyo na habari inaruhusiwa. Usijaribu kufukuza mawazo. Fuma tu, na ukishtuka kwamba umekwishaondoka, uko kwenye ada ya muhula ujao au kwenye maneno ya bosi, malizia kitanzi ulichomo na usikie uzi unavyopita kwenye kidole. Pumzi nayo iache ijipangie. Wanaojaribu kuvuta pumzi kwa kila kitanzi wanaweza kupata kizunguzungu. Mwisho wa mstari, kabla hujageuza kazi, shusha mabega. Utashangaa yalikuwa yamepanda kiasi gani.

Wapo ambao mshono huu mwepesi unawazidishia mawazo: mikono inakwenda yenyewe, kichwa kinabaki huru kujitesa. Kama ni wewe, ongeza ugumu kidogo. Fuma vitanzi viwili kawaida, kisha lete uzi mbele ufume viwili kinyume, urudishe uzi nyuma, na uendelee hivyo hadi mwisho. Hapa ndipo 32 inapokuja na faida, kwa kuwa inagawanyika kwa nne na kila mstari unaanza na kuisha vilevile. Mtu hawezi kuhesabu mbili-mbili na wakati huohuo kugombana kichwani na wifi yake. Kwa hiyo siku ya uchovu fuma kawaida, siku ya wasiwasi fuma mbili-mbili.

Kitambaa chenyewe kitakupa taarifa. Mtu mwenye hasira anauvuta uzi bila kujua, vitanzi vinabana, sindano inagoma kuingia. Kila unapoketi kufuma, funga pembeni kipande kifupi cha uzi wa rangi nyingine kama alama. Baada ya wiki mbili kiweke kitambaa mezani uangalie: hapa pamebana, hapa pamelegea, hapa pamenyooka. Mimi naiamini alama hiyo kuliko daftari la kuandika hisia, kwa sababu kwenye daftari mtu hujipamba.

Kitanzi kikiponyoka na kushuka mistari kadhaa, muite yuleyule mwalimu wako akipandishe kwa sindano ya kroshia. Makosa mengine fumua bila huruma, au yaache. Hakuna mtahini.

Madai ya afya yamezagaa, tuyapime. Mwaka 2013 jarida la Uingereza la tiba ya kazi (occupational therapy) lilichapisha matokeo ya Jill Riley, Betsan Corkhill na Clare Morris, waliowauliza maswali wafumaji zaidi ya 3,500 wa nchi mbalimbali. Waliofuma mara nyingi zaidi ndio waliosema zaidi kwamba wanajisikia watulivu na wenye furaha. Lakini waliojibu ni watu waliokwisha kuipenda kazi hii. Aliyeitupa sindano siku ya pili hakuulizwa. Mimi nakubali kwamba kufuma kunasaidia, na hapohapo nasema kwamba usingizi uliopotea kwa wiki nyingi au huzuni inayokutoa hata kwenye chakula ni mambo ya kupeleka hospitali. Sindano unaweza kwenda nazo ukafumie kwenye foleni.

Wanaume wanaosoma huku wakiona kufuma si kazi yao, wajue kuwa kwenye kisiwa cha Taquile, ndani ya Ziwa Titicaca nchini Peru, wanaofuma kofia ni wanaume, na mvulana anafundishwa tangu mdogo.

Mwili nao una mipaka. Kila baada ya nusu saa weka sindano chini, kunjua vidole, zungusha viganja. Viwiko vikae karibu na mbavu, mwanga utoke nyuma ya bega. Maumivu ya kifundo cha mkono yasipoondoka kwa kupumzika, acha kwa siku kadhaa.

Bonge likikaribia kuisha, bakiza uzi wenye urefu wa angalau mara tatu ya upana wa kitambaa kwa ajili ya kufunga: fuma vitanzi viwili, cha kwanza kivushe juu ya cha pili kidondoke, fuma kingine, endelea hadi kibaki kimoja, kisha pitisha ncha ya uzi ndani yake uvute. Hapo sweta sasa linaruhusiwa, ila liwe la mtoto mchanga. Ni dogo, linaisha kabla hujalichoka, na Makete wa kulivaa hakosekani.