Mtoto Akirudi Kutoka Shule: Kwa Wazazi na Walezi

Wazazi wengi humpokea mtoto kwa maswali mawili: umepata ngapi, na mbona umechelewa. Yote mawili humfanya ajitetee. Wa darasa la tatu bado atakujibu, ila akifika la saba huwa amezoea kusema "poa tu" na kupita zake. Mpe mapema nafasi ya kusimulia madogo: leo alikaa na nani, mwalimu gani hakuingia, mapumziko walicheza nini. Si lazima muitane kikao. Watoto hufunguka zaidi mikono ikiwa na kazi, mnapochambua mchele au kufua, kwa sababu hakuna anayemkazia macho mwenzake.

Lifti ya bodaboda

Binti wa kidato cha kwanza anakwambia, huku akiosha vyombo, kwamba kuna kaka wa bodaboda humpeleka shule bila nauli. Utashtuka, na una haki ya kushtuka. Lakini ukifoka au kushika fimbo, lifti haitakoma; kitakachokoma ni wewe kuambiwa. Suuza sahani iliyo mkononi, kisha uliza taratibu: alianza lini? Anakushusha wapi? Ameshakununulia chipsi au vocha? Amewahi kukwambia nisijue? Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mtu mzima anayemtaka mtoto amfiche mzazi wake si wa kupewa nafasi ya pili.

Mshukuru kwa kukwambia, halafu tafuta chanzo. Mara nyingi shule iko mbali, makonda huwakwepa wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo, na akichelewa anachapwa. Ukimkataza tu, umemwachia shida ileile. Mtafutie wenzake wa kuongozana nao, onana na mwalimu wa darasa kuhusu adhabu ya kuchelewa, na huyo dereva mfuate ukiwa na mtu mzima mwingine.

Sheria iko upande wako. Kwa Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na tangu mwaka 2016 Sheria ya Elimu inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Ikiwa binti yako ameshapata mimba, tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu arudi shuleni baada ya kujifungua. Usikubali kuambiwa kwamba masomo yake yameishia hapo.

Wavulana nao

Nyumba nyingi hulinda binti na kumwacha kijana wa kiume azurure mpaka usiku, kana kwamba yeye hana la kumpata. Wavulana hulawitiwa, tena na watu wanaowajua, na wengi hukaa kimya kwa aibu. Mwulize yale yale unayomwuliza dada yake. Mweleze habari za balehe kabla haijamfika, na ndoto nyevu pia. Akizikuta bila kuambiwa atadhani anaumwa.

Usingizi na simu

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa siku. Wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Simu zote zilale sebuleni, na ya mzazi pia.

Likitokea baya

Piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ni bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto. Ikiwa amebakwa au kulawitiwa, usimwogeshe wala usifue nguo alizovaa. Mwahishe hospitali siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa za kukinga maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Usikubali kumaliza jambo hilo kifamilia, hata kama aliyelitenda ni ndugu.