Siri ya Nyumba ya Grimké

Wazee husema, "Mficha maradhi, kifo humwumbua." Maana yake, mtu aweza kuficha jambo siku zote za maisha yake, lakini akiisha kufa hana tena mkono wa kulifunika. Katika somo hili tutasoma habari za ukoo mmoja wa matajiri wa Marekani, ambao siri yake ilidhihirika baada ya baba kufa. Tutaona pia jinsi watu wawili wa ukoo huo walivyoijua siri ile ile, na kila mmoja akatenda yake.

1. Hakimu na watoto wake

Katika jimbo la South Carolina, kusini ya Marekani, uko mji wa bandari uitwao Charleston. Zamani mji huu ulikuwa na matajiri wengi. Mali yao ilitoka katika mashamba ya mpunga na pamba, na waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa weusi. Mmoja wa matajiri hao alikuwa hakimu mkubwa, jina lake John Faucheraud Grimké. (Jina hili hutamkwa Grimki.) Alizaa watoto 14. Katika hao tutawataja watatu tu: Sarah, aliyezaliwa mwaka 1792, Henry, aliyezaliwa mwaka 1801, na Angelina, kitinda mimba, aliyezaliwa mwaka 1805.

Sarah na Angelina walichukia utumwa tangu utoto wao. Sarah alipokuwa msichana alimfundisha mtumishi wake kusoma, usiku, kwa siri, maana sheria ilikataza kuwafundisha watumwa kuandika, na watu wakubwa hawakupenda hata wasome. Baba yake alipopata habari alikasirika sana. Walipokuwa watu wazima, dada hao wawili waliacha raha ya nyumba yao wakahamia kaskazini, Sarah mwaka 1821, na Angelina mwaka 1829. Huko wakasimama mbele ya watu na kueleza waziwazi mambo waliyoyaona katika nyumba za matajiri wa Charleston. Wengi waliwachukia kwa sababu hiyo, lakini hawakunyamaza.

Henry alibaki kusini. Alikuwa wakili, tena mwenye shamba na watumwa. Mkewe alikufa, akamwachia watoto. Baadaye Henry akakaa shambani na Nancy Weston, mwanamke aliyekuwa mtumwa wake. Mtumwa hakuwa na uwezo wa kumkataa bwana wake. Nancy akamzalia Archibald mwaka 1849, na Francis mwaka 1850.

Sasa sikilizeni sheria ya nchi ile ilivyokuwa. Mtoto alifuata hali ya mama yake. Mama akiwa mtumwa, mtoto naye alikuwa mtumwa, hata kama baba yake ni mtu huru na tajiri. Basi Archibald na Francis walikuwa wana wa Henry kwa damu, lakini kwa sheria walikuwa mali yake, kama ng'ombe na majembe ya shambani.

2. Kifo cha baba

Mwaka 1852 Henry alishikwa na homa ya manjano, akafa. Nancy alikuwa na mimba, na mtoto wa tatu, John, alizaliwa baba yake akiwa amekwisha zikwa.

Kabla ya kufa Henry alimwachia mwanawe Montague urithi wa Nancy na watoto. Montague alizaliwa na mke wa ndoa, naye alikuwa mtu mzima. Henry alimwagiza awatunze kama watu wa jamaa, naye Nancy akaambiwa hivyo. Sheria ya South Carolina ilikataza bwana kumpa mtumwa uhuru kwa wasia tu. Walakini Henry alipokuwa hai hakuwapeleka kaskazini, ambako utumwa ulikuwa umekwisha katazwa. Aliwaachia watoto wake neno la kinywa tu, na neno la kinywa hupita kama upepo.

Kwa miaka michache Nancy alikaa Charleston na wanawe, katika nyumba ndogo. Alifua na kupiga pasi nguo za watu, akapata chakula, akafanya bidii watoto wake wapate elimu. Ilikuwa kana kwamba wako huru. Lakini mwaka 1860 Montague alihitaji watumishi nyumbani kwake. Akamtaka Archibald, kisha Francis. Nancy akamkumbusha agizo la marehemu, lakini haikufaa kitu. Mahakamani mtumwa hakuweza kumshuhudia Mzungu.

Fikirini jambo hilo. Montague hakuwa mgeni wa siri ile. Aliijua, maana baba yake alimwambia. Watoto wale waliomwandalia meza walikuwa ndugu zake. Jioni waliitwa kwa kengele, na walipokosa walipigwa.

Vijana hawakukubali. Francis alitoroka, akakamatwa, akatiwa gerezani, na mwisho Montague akamwuza kwa ofisa wa jeshi la kusini. Archibald naye alikimbia, akajificha katika mji hata vita vya kaskazini na kusini vilipokwisha mwaka 1865. Mwaka huo utumwa ukakomeshwa katika Marekani yote. Archibald na Francis wakaenda shule, na walimu walipoona akili zao wakawapeleka kaskazini, katika chuo cha Lincoln, jimbo la Pennsylvania.

3. Barua

Wakati huo Angelina na Sarah walikuwa wakikaa karibu na mji wa Boston. Angelina alikuwa ameolewa na Theodore Weld, naye alikuwa mwenye umri wa miaka 62. Siku moja, mwezi wa Februari mwaka 1868, alikuwa akisoma gazeti. Akaona habari za chuo cha Lincoln, na kati ya wanafunzi waliosifiwa mmoja aliitwa Grimké.

Angelina alishangaa, maana jina hilo si la watu wengi. Alidhani labda kijana huyu alikuwa mtumwa wa mmoja wa ndugu zake, akachukua jina la bwana wake. Angeweza kulikunja gazeti na kunyamaza. Lakini aliandika barua kwa kijana, akamwuliza yeye ni nani.

Archibald akajibu kwa adabu. Akaeleza kwamba baba yake alikuwa Henry Grimké, na mama yake ni Nancy Weston. Akaeleza jinsi baba yao alivyokufa, na mambo yaliyowapata mikononi mwa Montague.

Habari hii ilimhuzunisha Angelina sana. Miaka mingi alikuwa amefunua maovu ya nyumba za watu. Sasa aliona uovu ule ule katika nyumba ya kaka yake mwenyewe, aliyekwisha kufa na asiyeweza kujitetea. Angelikiri, jina la Henry lingaliaibika. Angelinyamaza, vijana wale wangalibaki bila baba, bila jamaa, kana kwamba walizaliwa na mti.

Angelina hakunyamaza. Aliwaandikia tena, akawaita wana wa kaka yake, akawaambia walitukuze jina hilo kwa matendo mema. Mwezi wa Juni mwaka ule ule alisafiri pamoja na mwanawe mpaka chuoni, akawatembelea mbele ya watu wote kama shangazi atembeleavyo jamaa zake. Yeye na Sarah hawakuwa matajiri tena, lakini walisaidia gharama za masomo, na vijana wakapokewa nyumbani kwao kama watoto.

4. Mambo yaliyofuata

Archibald alisoma sheria katika chuo cha Harvard, akamaliza mwaka 1874, akawa wakili. Toka mwaka 1894 mpaka 1898 alikuwa balozi mdogo wa Marekani katika mji wa Santo Domingo. Francis alimaliza masomo ya dini katika Princeton mwaka 1878, akawa mchungaji wa kanisa katika mji wa Washington. Wote wawili walitetea haki za watu weusi maisha yao yote. Archibald alipopata mtoto wa kike mwaka 1880, shangazi yake alikuwa amefariki miezi michache tu nyuma. Akamwita mtoto Angelina Weld Grimké.

Basi siri ya nyumba hiyo waliijua watu wawili. Montague aliipokea kwa baba yake, akaitumia kujipatia watumishi wa bure. Angelina aliipata gazetini, akaipokea kama deni lililoachwa na marehemu. Hakulifanya yeye kosa lile, lakini aliona kwamba wenye kulipwa wangali hai, naye yuko karibu kuliko wote. Mali ya mzazi hurithiwa kwa furaha. Deni lake pia hurithiwa, na mtu hujulikana kwa namna alipavyo.

Maswali

1. Kwa nini Archibald na Francis walikuwa watumwa, ingawa baba yao alikuwa mtu huru?
2. Henry aliwaachia watoto wake nini? Kwa nini hakikuwafaa?
3. Montague aliijua siri ya baba yake. Angelina aliijua baadaye. Elezeni tofauti ya matendo yao.
4. Ungalikuwa wewe Angelina, ungaliogopa nini kabla ya kuandika barua ile?
5. Elezeni mithali, "Mficha maradhi, kifo humwumbua," kwa mfano mwingine wa nyumbani kwenu.