Usimshuhudie Jirani Uongo, Hata Darasani

Somo: Kutoka 20:16, Matendo 17:22-23.

Mama mmoja wa hapa Kisauni alinijia na wasiwasi. "Pasta, mwalimu amewafundisha nguzo tano za Uislamu. Si watabadilishwa?" Nikamuuliza, "Amewaambia waziamini, au amewaeleza Waislamu wanaamini nini?" Akanyamaza.

Kipindi cha dini kikifika, watoto wetu huenda CRE, wenzao IRE, wengine HRE. Ni sawa, Katiba ya 2010, kifungu cha 8, inasema Kenya haina dini ya taifa. Lakini jirani yake, mtoto atamjua kupitia nani? Mimi nilimjua kwa porojo za mtaani. Nilikuwa nikisema Waislamu hawamtambui Yesu kabisa, mpaka rafiki akanieleza kwamba wao humwita Isa, nabii, mwana wa Mariamu. Hatukubaliani kuhusu Yeye ni nani, lakini niliona aibu. Nilikuwa nimemshuhudia jirani uongo.

Paulo kule Athene alitazama kwanza ibada zao, ndipo akahubiri. Mwalimu aeleze kwa haki. Kuhubiri ni kazi yetu, nyumbani na kanisani.

Wiki hii, muulize mwanao: jirani yetu anaamini nini? Kisha mwambie wewe unamwamini nani, na kwa nini.